Hamburg imerudi, na nahodha wake ana damu ya Tanga

MUSOMA. KESHO Ijumaa usiku, kwenye vibanda umiza vya Nyasho, Mwigobero na kule stendi ya Bweri, mtu muhimu kuliko wote mjini atakuwa mwenye rimoti.

Saa 2:00 usiku Taifa Stars inaingia Uwanja wa Benjamin Mkapa kucheza robo fainali ya CHAN dhidi ya Morocco. Saa 3:30, Stars ikiwa bado kipindi cha pili, Bayern Munich na RB Leipzig wanafungua msimu mpya wa Bundesliga kule Munich. Saa 4:00 West Ham inaikaribisha Chelsea. Televisheni ni moja, benchi ni lile lile na mia tano yako umeshaitoa mlangoni.

Kwa kesho hakuna mjadala, Stars kwanza. Vijana wa Hemed Suleiman 'Morocco' wamemaliza kundi lao kileleni na pointi 10 bila kufungwa mechi, na sasa kocha Morocco anakutana na Morocco wenyewe. Na kwa kuwa hapa ni Mara, mpaka wa Sirari uko jirani, wapo watakaoanza mapema saa 11:00 jioni kuwaangalia Harambee Stars wakicheza na Madagascar kule Nairobi.

Lakini wikiendi haiishi Ijumaa. Jumapili saa 12:30 jioni kuna mechi ya Bundesliga ambayo huenda usiione kabisa usipomuwahi mwenye kibanda mapema, na ni mechi ambayo shabiki wa Musoma, Bunda au Butiama ana sababu ya kuitazama kuliko ile ya Bayern. Ni Borussia Monchengladbach dhidi ya Hamburger SV.

Sababu ni mbili. Ya kwanza imevaa kitambaa cha unahodha. Ya pili sisi watu wa Mara tunaijua vizuri, maana imetupata.

JINA LA BABA

Nahodha mpya wa Hamburg anaitwa Yussuf Poulsen. Jina lake kamili ni Yussuf Yurary Poulsen. Poulsen ni jina la upande wa mama, Mdenmark. Yurary ni la baba, Mtanzania wa Tanga aliyefanya kazi kwenye meli za mizigo na kuishia Denmark.

Yussuf alizaliwa Copenhagen Juni 15, 1994. Alipokuwa na miaka sita tu, baba yake akafariki kwa saratani. Mtoto akakua na mama, akacheza mpira Lyngby, na mwaka 2013 akiwa na miaka 19 akasajiliwa na RB Leipzig, ambayo wakati huo ilikuwa Ligi Daraja la Tatu Ujerumani.

Soma tena hapo. Daraja la tatu. Leipzig ikapanda 2014, ikapanda tena 2016, na Yussuf alikuwemo safari yote. Alicheza zaidi ya mechi 400 kwa miaka 12, akabeba Kombe la Ujerumani mara mbili mfululizo, 2022 na 2023. Msimu wa 2018/19 alitupia mabao 15 kwenye Bundesliga, matatu kati ya hayo siku moja, Leipzig ilipoichapa Hertha Berlin 5-0.

Mwaka 2018 kwenye Kombe la Dunia kule Russia, mgongoni mwake hapakuandikwa Poulsen. Paliandikwa Yurary. Juni 16, Denmark ikacheza na Peru mjini Saransk, mechi ikaisha 1-0, na bao lile moja alilifunga yeye. Dunia nzima ikasoma jina la baba yake aliyezikwa miaka mingi nyuma bila kuona mwanawe akigusa mpira wa kulipwa.

Swali la kijiweni huwa ni lile lile: sasa mbona hakuja Stars? Jibu ni jepesi hata kama linauma. Ameshaichezea Denmark zaidi ya mechi 80, Kombe la Dunia mara mbili na Euro mara mbili. Hilo limeshapita. Tunachoweza kufanya sisi ni kumwangalia akicheza na kusema huyu tunamjua anakotoka.

Kiangazi hiki, akiwa na miaka 31, ameiacha Leipzig na kutua Hamburg. Hakwenda Saudi Arabia kula pensheni, kaenda kwenye timu iliyotoka kupanda daraja. Na kocha Merlin Polzin, kijana wa Hamburg mwenye miaka 34 aliyekua akiishabikia timu hiyo hiyo, akamkabidhi kitambaa cha unahodha.

SAA ILIYOZIMWA

Kwa wasioijua Hamburg, hii si timu ndogo. Ni klabu ya mwaka 1887. Mei 25, 1983 ilibeba Kombe la Klabu Bingwa Ulaya kwa kuifunga Juventus 1-0 pale Athens, bao la Felix Magath. Ndiyo timu pekee iliyokuwa imecheza kila msimu wa Bundesliga tangu ligi ilipoanza 1963. Wajerumani waliibatiza jina la Dinosaria, kwa maana ni mnyama wa kale aliyegoma kufa.

Uwanjani kwao, Volksparkstadion, walitundika saa kubwa. Ilihesabu miaka, siku, saa, dakika na sekunde ambazo Hamburg imekaa Ligi Kuu. Majigambo yalikuwa mengi, lakini timu yenyewe ilikuwa ikioza taratibu. Ukitaka kujua ilivyooza, angalia matokeo ya ugenini kwa Bayern: 9-2 mwaka 2013, 8-0 mwaka 2015, na 8-0 nyingine mwaka 2017.

Mei 12, 2018 ikafika. Hamburg ilicheza mechi ya mwisho nyumbani na kushinda 2-1, lakini Wolfsburg nao walishinda, hesabu zikakataa. Dinosaria akashuka daraja. Mashabiki wakarusha mafataki uwanjani, moshi mweusi ukatanda, mechi ikasimama kabla ya kumaliziwa dakika zilizobaki. Ile saa baadaye ikaondolewa kabisa.

Unajua mpinzani wa siku ile alikuwa nani? Borussia Monchengladbach. Yaani timu ya mwisho kucheza nayo Bundesliga ndiyo timu ya kwanza wanayokutana nayo Jumapili hii. Miaka saba imepita katikati.

MIAKA SABA YA KUGONGA MLANGO

Watu wengi walidhani Hamburg watakaa daraja la pili mwaka mmoja tu, wapumzike, warudi. Haikuwa hivyo.

Msimu wa kwanza wakamaliza wa nne. Wa pili, wa nne. Wa tatu, wa nne tena. Mwaka 2022 wakamaliza wa tatu, wakaingia mchujo na Hertha Berlin. Wakashinda 1-0 ugenini, wakarudi nyumbani wakafungwa 2-0. Kwaheri.

Mwaka 2023 ndio ulikuwa mbaya kuliko yote. Siku ya mwisho Hamburg walishinda 1-0 ugenini kwa Sandhausen. Kipyenga kikalia, mashabiki wakavamia uwanja, watu wakakumbatiana wakijua wamepanda. Wakati huo huo kwingine, Heidenheim ambao awali walikuwa nyuma kwa mabao 2-0 walikuwa bado wanacheza dakika za nyongeza. Wakafunga. Wakafunga tena. Mechi ikaisha 3-2 na Heidenheim ndio wakapanda moja kwa moja. Hamburg wakaenda mchujo na Stuttgart, wakachezea 3-0 na 3-1. Mwaka 2024, wa nne tena.

Hapo timu nyingi zingeshakufa. Lakini kuna kitu kimoja hakikushuka daraja Hamburg, nacho ni watu. Uwanja wao unaingiza watu 57,000, na msimu uliopita, kwenye daraja la pili, wastani wa mashabiki kwa mechi ulizidi 50,000. Klabu ina wanachama zaidi ya 100,000 wanaolipa ada yao kila mwaka, timu ikishinda au ikifungwa. Kanuni za soka la Ujerumani zinataka klabu, yaani wanachama, ibaki na zaidi ya nusu ya kura kwenye kampuni inayoendesha timu. Tajiri anaruhusiwa kuja na pesa zake, ila siku akiondoka timu haiondoki naye mfukoni.

Mei 10, 2025 wakaifumua Ulm 6-1 na mlango ukafunguka. Köln wakapanda kama mabingwa, Hamburg wakafuata nafasi ya pili.

KARUME INAIJUA HADITHI HII

Sasa turudi nyumbani. Mtu wa Musoma akiisikia hadithi ya Hamburg hahitaji kuelezwa sana.

Biashara United, timu iliyotokana na Polisi Mara, ilipanda Ligi Kuu 2018, mwaka ule ule Hamburg walioshuka. Wanajeshi wa Mpakani. Uwanja wa Karume ukawa mahali ambapo wakubwa walikuwa hawapapendi. Msimu wa 2020/21 wakamaliza nafasi ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam, na wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Timu ya Musoma, Afrika!

Wakaitoa Dikhil ya Djibouti. Oktoba 2021 wakaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 Dar es Salaam. Timu iliyokuwa na miaka mitatu Ligi Kuu ilikuwa imeweka mguu mmoja raundi inayofuata. Kilichobaki ni mechi ya marudiano kule Libya.

Hawakufika. Safari ilikwama, mechi haikuchezwa, Biashara wakaondolewa mashindanoni wakiwa wanaongoza 2-0. Kufungwa uwanjani kunauma, lakini angalau umecheza. Hili la kushindwa kupanda ndege linauma kwa namna yake, na mpaka leo likitajwa pale Mwigobero watu hunyamaza kidogo.

Mwisho wa msimu huo huo wakashuka daraja. Mwaka 2024 wakagonga mlango, wakafika hadi mchujo na Tabora United, lakini Tabora ndio waliobaki juu. Mwezi ujao Ligi Kuu Bara inaanza na timu 16, na kati ya hizo hakuna hata moja ya Mkoa wa Mara. Ukitaka kuiona Simba au Yanga ikicheza ligi jirani, unapanda gari kwenda Mwanza kwa Pamba Jiji.

Hatusemi Hamburg na Biashara ni sawa. Pesa ya haki za televisheni ya daraja la pili Ujerumani pekee ni kitu kingine kabisa. Ila kuna jambo moja halihitaji utajiri wa Ujerumani: kwenda uwanjani timu ikiwa imeshuka. Tujiulize kwa ukweli. Karume ilipokuwa inacheza na Yanga, tulikuwa wangapi? Na ilipokuwa inacheza mechi ya Championship Jumatano mchana, tulikuwa wangapi? Kiingilio ambacho hatukulipa siku ile ni mafuta ya basi ambayo timu haikuwa nayo wiki iliyofuata.

Bunda wana vijana wanaojua mpira, Butiama wana uwanja wa kila jioni wa watoto wanaocheza pekupeku. Wachezaji hawajawahi kuwa tatizo la mkoa huu. Tatizo ni nani anabaki na timu mvua ikinyesha.

WENGINE WAKOJE

Msimu wenyewe una timu 18. Mbili za mkiani zinashuka moja kwa moja, ya tatu kutoka mkiani inacheza mchujo na timu ya tatu ya daraja la pili.

Bingwa mtetezi ni Bayern, na wengi hapa watakwambia kabisa: "Bingwa anajulikana, niangalie nini?" Wana hoja. Bayern walibeba mara 11 mfululizo kuanzia 2013 hadi 2023. Leverkusen wakawakatisha 2024 tena bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, kisha Bayern wakalirudisha taji lao. Harry Kane alitupia mabao 26 msimu uliopita na hatimaye akapata ubingwa wa kwanza maishani mwake. Jumamosi iliyopita wamebeba Super Cup kwa kuifunga Stuttgart 2-1, Kane akifunga na Luis Diaz aliyetoka Liverpool akifunga pia.

Lakini Bayern hii ina mapengo. Thomas Muller, aliyekuwa pale tangu utotoni, ameondoka baada ya miaka 25. Jamal Musiala alivunjika mguu Julai kwenye Kombe la Dunia la Klabu na atakosekana kwa muda mrefu.

Leverkusen ndio wamebomolewa zaidi. Kocha Xabi Alonso kaenda Real Madrid, Florian Wirtz na Jeremie Frimpong wako Liverpool, Granit Xhaka yuko Sunderland, Jonathan Tah yuko Bayern. Aliyepewa kazi ya kuijenga upya kiangazi cha 2025 alikuwa Erik ten Hag, na mashabiki wa Manchester United hatuhitaji kuwaeleza huyo ni nani.

Na hapo ndipo mshabiki wa England anapoguswa hata kama hataki. Hugo Ekitike aliyeanza na bao Liverpool wiki iliyopita alitoka Frankfurt. Benjamin Sesko wa Man United alitoka Leipzig, alikokuwa akicheza na Yurary. Ukiiangalia Bundesliga leo, unaangalia usajili wa England wa kiangazi kijacho. Tena ni ligi ya mabao, wastani unazidi matatu kwa mechi, na wa kubeti wanalijua hilo.

RATIBA YA KIBANDANI

Sasa shida ya rimoti. Jumamosi saa 10:30 jioni kuna mechi tano kwa mpigo, ikiwemo Leverkusen dhidi ya Hoffenheim. Saa 1:30 usiku St. Pauli inaikaribisha Dortmund, muda ule ule Arsenal wanacheza na Leeds. Wana Arsenal wa Bunda mjini, pale magari ya Mwanza na Musoma yanapopishana, hawatakubali kubadilishiwa, usijisumbue.

Jumapili, Hamburg ya Yurary inaanza saa 12:30 jioni. Muda ule ule kabisa, Fulham na Man United. Hapo ndipo tunaposema muwahi mwenye kibanda mapema, ukiwa na wenzako watano na pesa mkononi, maana ukienda peke yako unapoteza.

Ila ukikosa Jumapili, Ijumaa ya wiki ijayo, Agosti 29, mwenye kibanda hana kisingizio. Saa 3:30 usiku Hamburg inacheza na St. Pauli, dabi ya jiji, na England hakuna mechi ya Ligi Kuu siku hiyo. Mara ya mwisho timu hizi kukutana Bundesliga ilikuwa Februari 2011. St. Pauli walishinda 1-0 kwenye uwanja wa Hamburg, mfungaji Gerald Asamoah, Mjerumani mzaliwa wa Ghana. Watu wa Hamburg wamelibeba bao lile kwa miaka 14.

Kisha Septemba 13, saa 1:30 usiku, Hamburg wanakwenda Munich. Kwa Bayern. Kwenye uwanja ule wa 9-2 na 8-0.

Gladbach ugenini, St. Pauli nyumbani, Bayern ugenini. Hiyo ndiyo karibu tena waliyopewa. Wanaweza kufika katikati ya Septemba bila pointi, na msimu uliopita Holstein Kiel waliopanda walirudi chini baada ya mwaka mmoja tu. Davie Selke, aliyefunga mabao 22 kuwapandisha, ameshaondoka. Yurary naye si yule wa miaka 24, mwili umeshapigwa na majeraha.

Kwa hiyo hatukuahidi kwamba Hamburg watashinda Jumapili. Huenda wakahangaika hadi Mei, huenda hata wakashuka tena. Tunachojua ni kwamba wakifungwa tatu za mwanzo, mechi ya nne nyumbani uwanja utajaa watu 57,000, na mtoto wa baharia wa Tanga atawatangulia wenzake kutoka kwenye korido akiwa na kitambaa mkononi.

Na siku Karume itakapofunguliwa tena kwa mechi ya timu yoyote ya Mara, ya daraja lolote lile, mia tano ile ya kibandani inatosha kuanzia.